Dhahabu Yetu na Bima Tunayoweza Kuilipia

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya vikundi vya akina mama, masonara, walimu na wanafunzi wa biashara

 

Niliombwa nizungumze juu ya bima kwa jumla, nikaomba ruhusa nilifinye jambo hili hadi lifike kabatini mwetu. Katika mji huu dhahabu ni akiba ya mwanamke. Ni mahari aliyopewa, ni urithi wa bibi yake, ni ada ya shule ya mtoto siku mshahara unapochelewa, ni kitu cha kuweka rehani mgonjwa anapolazwa. Gari la mumewe lina bima kwa sababu sheria inalazimisha. Duka lina bima kwa sababu benki iliyotoa mkopo imedai. Lakini mkufu na bangili, ambazo huenda thamani yake imelipita gari lile, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku chini ya nguo, na ulinzi wake ni kufuli na dua.

Nikiwauliza akina mama sababu, jibu ninalolipata mara nyingi ni moja: bima ya dhahabu ni ghali. Kusudi langu leo ni kulichunguza jibu hilo. Nitatetea rai hii: bima ya vito inakuwa nafuu mwenye vito anapojua hasa anachomiliki, thamani yake, na hatari ipi anataka kumtwika mwingine. Asiyejua hayo hulipa sana kwa kinga ndogo, au hulipa kidogo kwa kinga ambayo siku ya msiba haipo. Nina hoja sita. Zingine nitazipitia haraka, na mbili nitakaa nazo kwa sababu ndizo zinazotuumiza zaidi.

1. Bima ya nyumba tuliyo nayo huifikia dhahabu kidogo sana

Wapo humu ukumbini wenye bima ya nyumba, na wanaamini vito vimo. Naomba mkirudi nyumbani muitoe hati ile muisome. Hapa Kenya bima hii huuzwa kama kifurushi chenye sehemu zilizopewa herufi. Sehemu A ni jengo lenyewe. Sehemu B ni vyombo vya ndani. Sehemu C ndiyo inayoitwa bima ya hatari zote, kwa vitu unavyotoka navyo: simu, kompyuta, kamera, saa, vito. Zinazofuata zinahusu wafanyakazi wa nyumbani na madai ya watu wengine. Wengi hulipia A na B, wakaiacha C kwa sababu inaongeza bei.

Sasa tazameni kilichoandikwa ndani ya sehemu B katika mikataba mingi ya aina hii. Kuna sharti kwamba vitu vya dhahabu, fedha na platinamu pamoja na vito, vyote kwa jumla, havitahesabiwa kuzidi theluthi moja ya kima cha bima ya vyombo. Kuna sharti jingine kwamba kitu kimoja, kisipotajwa peke yake, hakitahesabiwa kuzidi asilimia 5 ya kima hicho. Tufanye hesabu pamoja. Mama amekata bima ya vyombo vya ndani kwa shilingi 1,200,000. Theluthi yake ni 400,000. Asilimia 5 ni 60,000. Ana mkufu mmoja wa shilingi 300,000, na hakuuandikisha peke yake. Wezi wamevunja, wameuchukua. Atalipwa 60,000 kwa mkufu ule, hata kama amelipia bima miaka kumi bila kukosa. Hapo kampuni haijamdhulumu. Imefuata karatasi aliyoitia sahihi.

Jambo hili si la Kenya pekee. Marekani, hati nyingi za kawaida za bima ya nyumba huweka kikomo cha dola 1,500 kwa vito vilivyoibwa, vyote kwa pamoja. Anayetaka zaidi hulipia nyongeza na kuorodhesha kila pambo. Kampuni za bima duniani kote zinakiogopa kitu kidogo, chenye thamani kubwa, kisicho na namba ya usajili, na kinachoweza kuyeyushwa usiku mmoja. Hofu hiyo ndiyo inayozaa bei, na hoja zangu zilizobaki zinahusu namna ya kuipunguza.

Kabla sijaondoka hapa, neno kwa akina mama hasa. Hati ya bima ya nyumba mara nyingi iko kwa jina la mume. Kwa kawaida inazikinga pia mali za watu wa familia wanaoishi naye chini ya paa moja. Mnaona neno lenye uzito hapo: wanaoishi naye. Ukiachika, ukahamia kwa wazazi na dhahabu yako, kinga haikufuati. Mume akifariki, hati ina jina la marehemu. Mahari ni mali ya mke kwa sheria ya dini yetu, hakuna anayelipinga hilo. Basi na bima yake iandikwe kwa jina lake. Dalali au wakala akikwambia haiwezekani, mwambie akuonyeshe kifungu kinachokataza.

2. Thamani ya jana hailipi hasara ya leo

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Hadi tarehe 15 Agosti 1971, Rais Nixon alipofunga dirisha la kubadilisha dola kwa dhahabu, bei rasmi ilikuwa imesimama kwenye dola 35 kwa aunsi kwa miaka mingi. Januari 1980 ilifika dola 850. Baadaye ikashuka, ikalala muda mrefu. Agosti 2020, katikati ya korona, ilivuka dola 2,000. Machi 2025 ilivuka 3,000, na Oktoba ya mwaka huohuo ikavuka 4,000 kwa mara ya kwanza. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, si 28 kama aunsi ya jikoni. Masonara mnalijua hilo, lakini vijana wengi hawalijui.

Tuchukue bangili sita za karati 21, kila moja gramu 15. Jumla gramu 90. Karati 21 maana yake ni sehemu 875 katika 1,000, kwa hiyo dhahabu safi humo ni gramu 78.75. Bei ya aunsi ikiwa dola 2,000, dhahabu hiyo ina thamani ya dola 5,000 na kitu. Bei ikiwa dola 4,000, ni dola 10,000 na kitu. Shilingi nayo haikukaa. Agosti 2020 dola moja ilikuwa kama shilingi 108; mwishoni mwa 2025 ilikuwa kama 129. Kwa hiyo bangili zilezile, ambazo hazikuongezeka hata punje, zimetoka kwenye shilingi 550,000 hivi hadi 1,300,000 hivi, kabla ya kuhesabu ufundi.

Mwenye bangili hizi alizikatia bima mwaka 2020 kwa 550,000. Kila mwaka anapata ujumbe wa kuhuisha, analipa, anashukuru Mungu. Siku moja mbili zinaibwa. Thamani ya mbili kwa sasa ni kama 433,000. Anajiambia: kima changu ni 550,000, hasara yangu ni 433,000, basi nitalipwa yote. Hatalipwa yote. Mikataba mingi ina kifungu ambacho mawakala hukiita avareji. Kifungu hicho kinasema hivi: ikiwa umekatia bima sehemu tu ya thamani ya kweli, basi sehemu iliyobaki umejikatia mwenyewe, na kila hasara mtagawana kwa uwiano huo. Umekata 550,000 kwa mali ya 1,300,000. Fidia ya 433,000 inashuka hadi kama 183,000. Kisha wanatoa kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe.

Nimewaona watu wakilia mbele ya meza ya madai kwa ajili ya kifungu hiki. Na inaniuma kwa sababu dawa yake ni rahisi: pima upya kila mwaka kabla ya kuhuisha. Tuna watu miongoni mwetu ambao tayari wanapima. Mwenye kufuata madhehebu ya Hanafi hutoa zaka ya dhahabu yake hata ile anayoivaa, ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka. Sisi wa Shafi tulio wengi katika pwani hii hatulazimishwi kwa pambo la halali linalovaliwa, lakini yupo anayetoa kwa kujitahadhari. Mizani hiyohiyo ya zaka, siku hiyohiyo, inaweza kutoa karatasi ya bima: uzito, karati, bei ya siku, jumla.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na linapoteza pesa kimya kimya. Kuna mwenye kupewa hati ya thamani iliyokuzwa, mkufu wa 300,000 ukaandikwa 500,000, naye akafurahi. Bima hukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, haikupi faida. Atalipa ada ya 500,000 kila mwaka, na siku ya dai kampuni itatuma mthamini wake, itamlipa 300,000. Masonara wetu, nawaomba kwa heshima: mkiandika thamani, tenganisheni mambo matatu. Andikeni dhahabu kwa uzito na karati, kisha jiwe kama lipo, kisha ufundi. Ufundi wa kidani cha kizamani kilichofuliwa kwa mkono huenda ni sehemu kubwa ya gharama ya kukitengeneza tena, na kampuni isipouona umeandikwa italipa uzito mtupu. Inafaa pia kuulizia mkataba wa thamani mliyokubaliana tangu mwanzo, hasa kwa pambo la urithi ambalo halina mfano wake dukani. Ada yake huwa juu kidogo, lakini siku ya dai hakuna kubishana.

3. Si kila pambo linahitaji bima

Tarehe 19 Oktoba 2025, wezi waliingia katika makumbusho ya Louvre mjini Paris mchana kweupe, wakatoroka na vito vinane vya kifalme. Thamani yake ilitajwa kuwa euro milioni 88. Vito hivyo havikuwa na bima ya kampuni yoyote. Dola la Ufaransa hujibebea lenyewe hasara ya mali za makumbusho yake ya taifa, kwa hesabu kwamba kulipia bima ya mali yote ile kila mwaka kungegharimu mno.

Naitaja habari hii kwa sababu kila mmoja wetu anafanya hesabu hiyohiyo kwa kiwango chake. Swali la kujiuliza kwa kila pambo ni hili: likipotea leo, maisha yangu yatatikisika? Vipuli vidogo vya mtoto, kipini, pete nyembamba ya kila siku, hivyo vikipotea utahuzunika lakini ada ya shule italipwa. Hivyo jikatie mwenyewe, yaani weka akiba ndogo. Mkufu mzito, bangili za mahari, kidani cha bibi: hizo ndizo za kupeleka kwa kampuni. Mwenye mapambo ishirini akichagua manne yanayobeba sehemu kubwa ya thamani, ada inashuka, na karatasi inakuwa fupi kiasi cha yeye mwenyewe kuijua kwa moyo.

Kwa kipimo cha bei, katika Marekani bima ya vito vilivyoorodheshwa hugharimu kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 ya thamani kwa mwaka. Tukichukua asilimia 2 kwa mfano wa hesabu tu, mkufu wa 300,000 ni shilingi 6,000 kwa mwaka, yaani 500 kwa mwezi. Hapa Kenya huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya ada, ya mfuko wa fidia ya asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Tanzania bima za aina hii hutozwa pia kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam waulize kama bei waliyotajiwa ni kabla ya kodi au baada.

Ada inaweza kushushwa zaidi kwa njia mbili za haki. Ya kwanza ni kukubali kubeba sehemu kubwa kidogo ya mwanzo wa kila hasara. Ukisema utabeba 20,000 za kwanza badala ya 5,000, kampuni inajua hutaisumbua kwa madai madogo. Ya pili ni mahali pa kuhifadhi. Vito vilivyomo katika sanduku la amana benki hukatiwa bima kwa bei ya chini sana kuliko vilivyomo kabatini. Lakini msidhani kwamba sanduku la benki lenyewe ni bima. Benki inakukodishia nafasi; haijui umeweka nini, na kwa kawaida mkataba wake unaikinga isidaiwe kilichomo.

4. Siku za harusi

Hii ndiyo hoja ambayo vitabu vya bima vilivyoandikwa Ulaya havinisaidii, maana havikuandikwa kwa ajili yetu.

Dhahabu yetu inatembea. Harusi ikikaribia, mkufu wa Bi Fulani unakwenda kwa mpwa wake, bangili za jirani zinakuja kukamilisha, na siku ya kupamba bibi harusi amevaa mali ya nyumba tano. Huu ni uungwana wetu, sitaki ufe. Lakini tuupime kwa jicho la mkataba. Bima ya mwenye mkufu inamkinga yeye na watu wa nyumba yake. Mkufu ukiwa shingoni mwa mtu wa nyumba nyingine, katika ukumbi wenye watu mia tatu, huenda haukingwi kabisa, kwa sababu mikataba mingi huitoa mali iliyoazimwa kwa mtu mwingine. Aliyeazima naye, akiwa na bima yake, ataulizwa: hii ni mali yako? Akisema nimepewa amana, kampuni itatazama kama hati yake inazigusa mali za amana. Nyingi hazizigusi.

Tena kuna namna pambo linavyopotea harusini. Hakuna mlango uliovunjwa. Hakuna aliyetisha mtu. Saa tisa usiku mtu anahesabu, bangili moja haipo. Imeanguka kwenye gari? Imechukuliwa katika chumba cha kuvalia? Hakuna ajuaye. Bima ya wizi wa kuvunja hailipi hasara hiyo. Hata baadhi ya bima za hatari zote hutoa nje kile wanachokiita kupotea kusikoelezeka. Ukinunua sehemu C, swali la kwanza la kumuuliza wakala liwe hili hasa: pambo likipotea na sijui limepotea vipi, mnalipa? Atake asitake, ajibu kwa maandishi.

Nini cha kufanya basi? Anayeazimisha aiarifu kampuni kabla, aombe nyongeza ya muda. Nyongeza ya wiki moja inayomtaja aliyeazimwa na tarehe za shughuli ni karatasi moja, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya mwaka. Kwa vito vilivyomo benki, mkataba unaweza kuweka kwamba vinakingwa pia siku za kutolewa, kwa idadi fulani ya siku kwa mwaka. Siku hizo zihesabiwe kwa ajili ya harusi na Idi. Na baina ya nyumba na nyumba, iandikwe karatasi ndogo: nimempa fulani mkufu wa gramu kadhaa, tarehe fulani, atarudisha tarehe fulani. Najua wapo watakaoona haya. Naomba mkumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni. Kuandikiana kumeamrishwa baina ya waumini wenyewe, wala hakuna aliyekuona kuwa ni kuvunjiana heshima.

Wanaosafiri nao wasisahau mipaka. Hati inayosema ndani ya Kenya inakoma uwanja wa ndege. Ukienda Muscat au Dubai kwa harusi ya ndugu, mkufu shingoni, nyongeza ya safari inahitajika. Na ukirudi na dhahabu mpya, haimo katika bima mpaka iongezwe.

5. Ushahidi huandaliwa kabla ya msiba

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina utata. Kampuni inalipa inachoweza kukiona. Piga picha kila pambo juu ya karatasi nyeupe, pembeni yake rula, na picha ya pili ya karibu inayoonyesha chapa: 916 kwa karati 22, 875 kwa karati 21, 750 kwa karati 18. Weka risiti kama ipo. Kwa dhahabu ya urithi isiyo na risiti, hati ya sonara yenye uzito, karati, picha na tarehe inatosha kuanzia, na picha za zamani za harusi, mama akiwa amekivaa kidani, zina nguvu kuliko mnavyodhani. Nakala zikae kwa ndugu wa nyumba nyingine, kwani moto unaochoma kabati huchoma na hati iliyomo.

Likitokea la kutokea, nenda kituo cha polisi mara moja, upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha uiarifu kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Usiongeze kitu katika orodha. Pambo moja la uongo linaweza kulifuta dai zima, na la kweli likaenda nalo. Vilevile wakati wa kuomba bima, ukiulizwa kama umewahi kuibiwa, sema. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu kamili wa pande zote mbili, na aliyeficha mwanzoni hana pa kusimama mwishoni.

Neno moja kwa wenye tanzanaiti, jiwe letu la Mererani lililoanza kujulikana mwaka 1967. Ni jiwe laini, ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo ambacho almasi ni 10, na huweza kupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto au kwa mashine za kusafishia zinazotikisa maji. Mikataba mingi hailipi kitu kilichoharibika wakati wa kusafishwa au kutengenezwa, wala kuchakaa kwa kawaida. Katika pete, tanzanaiti ikaguliwe meno yake kila mwaka. Jiwe lililodondoka kwa sababu meno yameisha hulipwi.

6. Bei ndogo ya kampuni isiyolipa

Ukishajua mali yako, ndipo uende sokoni. Usiende kwa kampuni moja. Dalali wa bima aliyesajiliwa anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa, na kamisheni yake hulipwa na kampuni. Hakikisha jina lake na la kampuni yamo katika orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, kwa kuwa leseni huhuishwa kila mwaka. Lipa kwa kampuni, si mfukoni mwa mtu, na ulipe yote: sheria yetu, kama ile ya Tanzania, haitambui bima ambayo ada yake haijalipwa.

Kisha uliza habari ambayo haimo katika karatasi ya bei: kampuni hii hulipa madai kwa muda gani? Nchi hii imeshuhudia kampuni za bima zikianguka, na waliokuwa na madai wakabaki na barua. Upo mfuko wa kuwafidia wenye bima wa kampuni iliyoanguka, lakini kikomo chake kimekuwa shilingi 250,000 kwa dai. Kwa mwenye simu inatosha. Kwa mwenye bangili sita haifiki hata robo. Tofauti ya ada ya shilingi 1,000 kwa mwaka baina ya kampuni yenye sifa ya kulipa na isiyo nayo, mimi naona ni pesa ya kulipwa bila kusita.

Nafahamu pia kwamba wengine humu wamejizuia na bima kwa sababu ya dini, kwa kuhofia riba na shaka iliyomo katika mkataba wa kawaida. Hofu hiyo naiheshimu, na ina jibu. Tangu 2011 nchi yetu ina takaful, ambapo wanachama hutoa mchango kwa nia ya kusaidiana, mfuko hauwekezwi katika riba, na ziada ikibaki baada ya madai huweza kurudishiwa wenyewe. Yote niliyoyasema juu ya uzito, orodha na kuazimana yanahusu takaful vilevile.

Tunakoelekea

Ndugu zangu, nimebakisha pendekezo moja, na ndilo hasa lililonifanya nikubali mwaliko huu. Mama mmoja akiingia ofisini na mikufu miwili ni usumbufu kwa kampuni: thamani ipimwe, hati iandikwe, ada yenyewe elfu chache. Vikundi vyenu vinakusanya akina mama kwa makumi. Kikundi kikienda kwa dalali na orodha moja safi, kila pambo na uzito wake, karati yake, picha yake na jina la mwenyewe, kampuni inaandika hati moja kuu, na kila mwanachama anapata cheti chake. Siku moja ya kupima, sonara mmoja anayeaminika na mwingine wa kuhakiki. Hapo ndipo punguzo linapoombwa kwa hoja. Na katika hati hiyo hiyo kuombwe kifungu chetu wenyewe: kwamba mwanachama akimwazima mwanachama, kinga inahamia na pambo kwa siku za shughuli.

Msidhani kampuni itakubali bila maswali. Itauliza: wanachama thelathini wakiwa katika ukumbi mmoja, na dhahabu yote shingoni, hasara ya usiku mmoja ni kiasi gani? Ni swali la haki. Mjibu kwa kikomo cha shughuli moja, na kwa mlinzi wa chumba cha kuvalia anayeandika kila kinachoingia na kutoka. Hayo mnaweza.

Ramadhani ikiisha, Mfungo Mosi harusi zitafuatana, kama kila mwaka. Tuna miezi ya kutosha kabla ya hapo. Mwenyekiti ameniruhusu kutangaza kwamba meza iliyo karibu na mlango ina karatasi za orodha, zenye nafasi za uzito, karati, jiwe, ufundi na picha. Kila kikundi kichukue za wanachama wake. Masonara wanne wamekubali kupima bila malipo Jumamosi mbili zijazo. Vikundi vitakavyorudisha orodha vitakaa pamoja kuchagua madalali wawili wa kuwasikiliza, na mmoja wao awe anafanya kazi na takaful. Nitakuwepo katika kikao hicho, na hati watakazoleta nitazisoma kifungu kwa kifungu pamoja nanyi, kwa Kiswahili.

Naona mikono imeshainuka kule nyuma. Mwenyekiti, kwa idhini yako, nianze na mama aliyeuliza kwa ishara tangu nilipokuwa kwenye avareji.